Nje kwanza, vioo baadaye, taa mwisho: namna ya kutembelea bustani ya mimea majira ya baridi

Siku yangu ya kwanza ya kujitolea kama mtembeza wageni kwenye bustani ya mimea ilikuwa mwezi wa Januari. Mgeni wa kwanza kunifikia alikuwa mzee mmoja mwenye bakora. Akasimama pale getini, akaitazama miti iliyopukutika yote, akaniuliza, "Binti yangu, mmefungua, au mko matangani?" Nilicheka, lakini jibu sikuwa nalo. Hata mimi, mtu wa nchi za joto, nilikuwa naona fito tu.

Sasa nina misimu saba ya baridi kwenye kazi hiyohiyo isiyo na mshahara, na nimeshaona wageni wa kila namna. Wanaoondoka wamenuna mara nyingi si wale waliokutana na siku mbaya, ni wale walioanzia mwisho. Wanaingia getini, baridi inawapiga, wanakimbilia nyumba ya vioo. Humo wanalowa jasho. Wakitoka, jasho lile linawagandia mgongoni, wanakwenda kujibanza mkahawani, na taa zinapowashwa wao wako barabarani wanarudi kwao. Pesa wametoa, miguu inawauma, na bustani hawajaiona.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni ule uliousoma hapo juu kwenye kichwa cha habari. Nje ukiwa bado mkavu na mwanga upo, vioo mwili ukishaanza kudai joto, taa giza likiingia.

Kabla ya kununua tiketi

Bustani moja ya mimea, majira ya baridi, ina mambo matatu ndani yake, na kila moja lina saa zake. Kuna bustani yenyewe, mchana, na miti yake na maua yake machache. Kuna maonyesho ya ndani ya nyumba za vioo: treni ndogo, okidi, maua ya mwisho wa mwaka. Halafu kuna njia ya taa, nayo ni ya usiku. Kosa ninaloliona kila Desemba ni mtu kuja na tiketi ya mchana akitaka abaki mpaka taa ziwashwe, au kufika saa nane na tiketi ya usiku mkononi akidhani ataanza kuzurura. Bustani nyingi huwatoa kwanza wageni wa mchana, hufunga mageti, kisha hufungua upya. Kwenye bustani ya mimea ya Kew, kule London, njia ya taa za Krismasi ilianza mwaka 2013, na tiketi yake ni ya peke yake, imeandikwa na saa ya kuingia. Ukitaka yote kwa siku moja, nunua mbili, na ile ya usiku ichukue ya saa ya kwanza kabisa, usije ukakaa nje ya geti kwa muda wa saa tatu unapuliza vidole.

Mwezi nao uchague kwa kile unachokitaka. Katika nchi za kaskazini, kuanzia katikati ya Novemba hadi siku za mwanzo za Januari ni zamu ya taa na treni, na ni zamu ya msongamano. Februari na Machi ni za okidi. Kew hufanya tamasha lake la okidi ndani ya Princess of Wales Conservatory, jengo la vioo lililofunguliwa mwaka 1987 lenye kanda kumi za hali ya hewa chini ya paa moja, kiasi kwamba unatoka jangwani ukaingia kwenye msitu wa mvua kwa kusukuma mlango. New York Botanical Garden nao huwa na maonyesho ya okidi baridi inapoanza kulegea. Katikati hapo, wiki za mwisho za Januari, ratiba huwa tupu. Ukiniuliza mimi, hizo ndizo wiki. Hakuna foleni, hakuna muziki kwenye spika, na nje ndipo maua ya baridi yanapokolea.

Ukiwa kusini mwa ikweta, pindua kalenda. Bustani ya Kirstenbosch, iliyoanzishwa mwaka 1913 kwenye miteremko ya Table Mountain mjini Cape Town, ina baridi yake kati ya Juni na Agosti, na pale huna haja ya kujifariji na magome ya miti. Mishubiri inakuwa imesimamisha mashada mekundu na ya rangi ya chungwa, maua ya protea yamefunguka, na ndege aina ya chozi wanagombania utamu wa maua mbele ya macho yako. Ila mvua za Cape Town huanguka majira hayohayo, kwa hiyo koti la mvua litakufaa kuliko glavu.

Jambo la mwisho kabla ya kutoka nyumbani ni upepo. Watu hukagua theluji, kumbe bustani yenye miti mikubwa ya zamani hufungwa zaidi kwa sababu ya upepo, maana matawi huanguka. Nimewahi kusimama getini kwenye siku yenye jua zuri kabisa, nikawarudisha watu waliosafiri saa mbili kuja, huku nyuma yangu msonobari mmoja ukitoa sauti kama mlango usiotiwa mafuta. Tangazo lilikuwa limeshatoka tangu alfajiri, na wengi wao hawakulitazama. Litazame asubuhi ileile, usitegemee la jana.

Nguo

Nje inaweza kuwa sifuri, ndani ya nyumba ya mimea ya tropiki ikawa nyuzi ishirini na zaidi, na unyevu juu yake. Koti moja zito halikusaidii, maana utalibeba mkononi kama mtoto aliyelala. Vaa nyepesi nyepesi nyingi: fulana, shati, sweta, na koti jembamba lisilopitisha upepo. Kama kuna makabati ya kuwekea mizigo, weka humo ukiingia kwenye vioo. Viatu viwe na soli yenye meno. Njia za bustani huwa zimemwagiwa chumvi au mchanga, lakini kona zisizopata jua hubaki na utando wa barafu usioonekana. Mwenye kiti cha magurudumu au kigari cha mtoto aulize getini ni njia zipi zimesafishwa asubuhi hiyo. Ramani haisemi jambo hilo, mlinzi wa geti analijua.

Glavu ziwe za kuvulika upesi, kwa sababu utazivua mara mia. Nitazirudia mwishoni.

Nje kwanza

Fika saa nne asubuhi, au wakati wowote mageti yanapofunguliwa. Siku ya baridi ni fupi. London katikati ya Desemba jua limeshazama kabla ya saa kumi jioni, na kuanzia saa nane mwanga unakuwa umelala chini. Jipe saa moja na nusu nje. Usijaribu kuizunguka bustani nzima. Uliza wapi wamepanda bustani ya majira ya baridi, maana nyingi zina kona maalumu ya namna hiyo, nenda huko moja kwa moja.

Mimi huanza na kipimajoto. Kwenye bustani yetu kuna kichaka cha Rhododendron karibu na geti, na siku hizi sitazami tena simu kujua baridi ni ya kiasi gani, natazama majani yake. Baridi ikiwa ya kawaida, majani yamekaa sambamba na ardhi. Yakikaribia kuganda, yanainama. Baridi ikikaza hasa, kila jani linajiviringa kwa urefu wake mpaka linakuwa jembamba kama penseli, na kichaka kizima kinaonekana kimevaa vijiti vya kijani vinavyoning'inia. Wageni hudhani kimekauka. Subiri jua likipige, urudi baada ya muda mfupi, utakuta majani yamejikunjua. Nimewarudisha watoto pale mara mbili kwa siku moja, na ile mara ya pili ndiyo wanayokwenda kuisimulia nyumbani.

Baada ya hapo, magome. Usiyatazame kwa mbali. Acer griseum huambua gome lake vipande vyembamba vya rangi ya mdalasini, vinabaki vimeshikilia shina vikipepea. Zunguka mti mpaka jua liwe upande wa pili, ule mwanga wa chini upite ndani ya yale maganda. Yanawaka. Ukisimama upande wa jua utaona kahawia tu na utajiuliza niliona nini. Prunus serrula ni kinyume chake. Huo utazame jua likiwa nyuma yako, maana gome lake linang'aa kama mbao iliyopigwa vanishi. Betula utilis yenye shina jeupe, mimi huiacha kwa siku za mawingu mazito, inakuwa kama chaki ubaoni. Na vile vichaka vya fimbo nyekundu na za njano utakavyoviona vimepandwa kwa wingi kando ya maji ni Cornus. Rangi kali iko kwenye fimbo changa tu, ndiyo maana watunza bustani huzikata karibu na ardhi mwishoni mwa baridi ili zichipue upya. Ukikuta zimeshakatwa, ujue umechelewa.

Sasa pua. Hapa ndipo ninapowachelewesha watu, na sijutii. Maua ya baridi mengi ni madogo na hayana sura, lakini yana harufu ya kukusimamisha. Wadudu wa kuyachavusha ni wachache siku hizo, kwa hiyo inabidi yaite kwa mbali. Sarcococca ina viua vyeupe kama nyuzi zilizokatika, vimejificha chini ya majani, na watu hupita pale wakigeuka kumtafuta nani amejipulizia manukato. Chimonanthus praecox hutoa maua ya njano kama nta kwenye tawi tupu lisilo na jani hata moja. Daphne bholua naijua kabla sijaiona. Kanuni ni tatu. Usiende alfajiri, subiri hewa ipate joto kidogo, kati ya saa tano na saa nane. Usichomeke pua ndani ya ua, simama hatua tatu upande ambao upepo unaelekea. Na ondoa skafu puani, jamani. Nimewahi kumweleza mama mmoja habari za harufu kwa dakika nzima, naye ananitikisia kichwa kwa upole, kumbe amejifunga skafu mpaka chini ya macho.

Kichaka cha Hamamelis kinastahili kuinamiwa. Petali zake ni kama vipande vya ganda la chungwa vilivyokatwa kwa mkasi, vyembamba, vimejikunjakunja, vya njano au vya rangi ya kutu. Usiku wa baridi kali vinajikunja kuingia ndani, mchana ukipata joto vinajinyoosha tena, na ua linadumu wiki nyingi kwa ujanja huo. Galanthus, lile ua dogo jeupe linaloinamisha kichwa, usilitazame kwa juu, huoni kitu. Chuchumaa, weka kidole chini ya ua, uliinue kidogo bila kulivuta, utazame alama ya kijani kwenye petali za ndani. Hapo ndipo aina moja inapotofautiana na nyingine, na wapenzi wake hugombana mpaka jioni kwa sababu ya alama hiyo. Kutoka kwenye mimea ya jamii hiyo ilipatikana galantamini, dawa inayotumika kwa wagonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Nikiwaambia wageni hivyo, wale waliokuwa wamesimama wima nao huchuchumaa.

Kabla hujaupita mti wowote ukasema umekufa, soma kibao chake. Mrefu ulionyooka kama mshale, shina la chini lenye mikunjo, hauna hata jani, na bado ni ndugu wa misonobari: huo ni Metasequoia. Mwaka 1941 ulipewa jina kutokana na visukuku, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka mawe, ukihesabiwa miongoni mwa mimea iliyotoweka zamani. Ndani ya miaka hiyohiyo ukakutwa hai nchini China, na kufikia mwaka 1948 mbegu zake zilikuwa zinasambazwa kwenye bustani za dunia. Hupukutisha majani kila baridi, basi.

Na kibao chenyewe ujue kukisoma. Jina la kisayansi liko juu, chini yake familia na nchi ya asili, na pembeni kuna tarakimu ambazo watu huziruka. Hiyo ni namba ya usajili, na katika bustani nyingi huanza na mwaka mmea ulipoingia. Wape watoto kazi ya kutafuta mmea wenye namba ya zamani kuliko yote. Wewe utapata nusu saa ya utulivu.

Onyo moja tu la nje: nyasi zikiwa na jalidi, usizikanyage, hata kama kila mtu anazikanyaga. Jani lililoganda linavunjika ndani, na baada ya siku chache nyayo zako zinatokea pale zikiwa nyeusi, moja baada ya nyingine, ushahidi kamili. Tuna picha ya nyayo za namna hiyo zinazokwenda hadi kwenye sanamu na kurudi. Mwenye nyayo alitaka kupiga picha.

Ndani ya vioo

Milango huwa miwili. Funga wa kwanza kabla hujafungua wa pili, hata kama kundi lako limegawanyika. Upepo mmoja wa sekunde chache unatosha kuunguza majani yaliyo karibu na mlango. Ukishaingia, simama. Miwani itaingia ukungu, usiifute, utaipaka maji tu. Hesabu polepole, ukungu utaondoka wenyewe lenzi zikipata joto. Kamera iache ndani ya begi lililofungwa kwa dakika ishirini. Ukiitoa mara moja, unyevu unatanda juu ya lenzi, na ukiwa na bahati mbaya na ndani yake pia. Nilijifunza hilo kwa kamera ya kuazima, na sitaki kulizungumzia zaidi.

Wakati unasubiri, ndiyo nafasi ya kutazama juu. Halafu tafuta vitu vichache, usitafute vyote.

Cha kwanza, kama ni Desemba au Januari, uliza kama Angraecum sesquipedale imefunguka. Ni okidi ya Madagaska, nyeupe kama nta, umbo la nyota, na nyuma ya ua kuna mkia mwembamba wa kijani unaoning'inia karibu sentimita thelathini. Utamu uko chini kabisa ya mkia ule. Mwaka 1862 mwanasayansi Mwingereza Charles Darwin, akiwa ameletewa maua yake, aliandika kwamba lazima kule Madagaska kuwe na nondo mwenye ulimi wa kufika hapo chini. Watu walimcheka. Alifariki mwaka 1882, na nondo huyo akaja kuelezwa kisayansi mwaka 1903, ulimi ukiwa na urefu uleule uliotakiwa. Mimi huweka kidole changu sambamba na mkia ule, bila kugusa, kisha cha pili, kisha cha tatu, wageni waone bado hatujafika. Harufu yake huanza jioni, maana mteja wake ni wa usiku. Hiyo ni sababu nyingine ya kuingia kwenye vioo baadaye.

Cha pili ni kidogo na watu hukipita. Ni Saintpaulia, ua la zambarau lenye majani ya manyoya, ambalo huenda liko dirishani kwa jirani yako. Asili yake ni sehemu za Tanga na milima ya Usambara. Afisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyelipeleka Ujerumani, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliandikia maelezo ya kisayansi na kulipa jina la afisa huyo. Wenyeji waliokuwa wakiliona kwenye miamba tangu enzi hawakuulizwa. Wageni wakishangaa kwamba mmea wa dirishani ni wa Afrika Mashariki, nami huwa najifanya nashangaa nao.

Kama uko Kew, usitoke bila kuonana na Encephalartos altensteinii, saikadi, mmea wa jamii ya kale unaofanana na mnazi, iliyoletwa kutoka Afrika Kusini na mkusanya mimea Francis Masson mwaka 1775. Imekaa kwenye chombo miaka yote hiyo, shina limeegemea nguzo kama mtu aliyechoka kusimama foleni. Na vanila, kama ipo, ni mtambaa wa kijani usio na mvuto mpaka ujue kwamba uchavushaji wake kwa mkono ulivumbuliwa kisiwani Réunion, kwenye Bahari ya Hindi, mwaka 1841 na Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka kumi na miwili, kwa kutumia kijiti na kidole gumba.

Ponsetia utazikuta kwa mamia, siwezi kukuzuia. Jua tu kwamba ule wekundu ni majani, maua ni vile vijidoa vya njano katikati. Ukitaka kununua, tazama hivyo vijidoa. Vikiwa bado vimefumba, mmea utakaa. Vikiwa vimeshaanguka, muuzaji anataka kuuondoa.

Treni

Usizidharau. Mimi nilizidharau. Maonyesho ya treni ya New York Botanical Garden yalianza mwaka 1992, na kinacholeta watu si treni, ni majengo yanayopitiwa na treni hizo: majumba, madaraja na vituo vya New York, yaliyojengwa kwa magome, vijiti, mbegu, maganda na majani makavu. Kazi hiyo ilianzishwa na Paul Busse na karakana yake ya Applied Imagination. Mjini Washington, United States Botanic Garden, iliyoanzishwa na Bunge la Marekani mwaka 1820, nayo huweka majengo ya mji huo yaliyoundwa kwa mimea mwisho wa mwaka, na kuingia ni bure.

Namna ya kuyatazama ni hii. Usikimbize treni kwa macho. Chagua jengo moja, liinamie, uanze kuuliza: bomba hili la maji limetengenezwa na nini? Vigae je? Utagundua kigae ni gamba la tunda la msonobari, nguzo ni tawi, kitasa cha mlango ni mbegu. Jengo moja kwa dakika kumi linazidi majengo mia kwa dakika tano. Watoto wadogo peleka saa ya kwanza ya kufungua, kwa sababu kuanzia saa tano mbele kutakuwa na ukuta wa migongo, na mtoto wa miaka minne haoni kitu isipokuwa makoti. Mpwa wangu alirudi nyumbani na maelezo kamili ya vifungo vya watu.

Taa

Hapa sina mengi, na nitasema kwa nini: njia ya taa imepangwa ili usihitaji mwongozo. Unafuata mshale. Kwa kawaida huwezi kurudi nyuma, kwa hiyo chooni nenda kabla ya kuingia, na usiwaahidi watoto kwamba mtarudi pale kwenye handaki la taa. Saa ya kuingia ya kwanza ina faida moja ambayo nyingine hazina. Anga bado ina ubluu, na picha zinatoka na umbo la miti badala ya vidoa kwenye weusi. Saa ya mwisho ina faida ya nafasi. Za katikati waachie wengine.

Simu iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili. Betri inayosoma nusu inaweza kuzimika ghafla kwenye baridi kali, nayo ikipata joto inarudi kana kwamba haikufanya lolote.

Kwa maoni yangu, mataa ya rangi yanayocheza na muziki huchosha baada ya dakika ishirini. Ninachokisubiri ni ule mti mmoja ambao mtu mwenye akili ameuwekea taa moja nyeupe chini ya shina, akaondoka. Kama mchana ulizunguka kama nilivyokueleza, utautambua kwa gome lake. Na ukipita sehemu yenye giza kati ya onyesho moja na jingine, ambako watu huharakisha, wewe punguza mwendo uvute hewa. Sarcococca haizimwi usiku.

Ukitoka, usikimbilie gari. Kila mtu wa saa yako anatoka pamoja nawe, na foleni ya maegesho ni ndefu kuliko ya kuingilia. Kaa dakika kumi na tano karibu na geti, chini ya paa, na kinywaji cha moto ulichokuja nacho.

Dakika hizo zitumie kukagua mifuko. Kila msimu ukiisha tunabaki na sanduku zima la glavu zilizopotea, na karibu zote ni za mkono wa kulia, ule unaovuliwa kupiga picha. Za kushoto zinakwenda nyumbani peke yake. Ukigundua huna ya kulia, rudi getini tu. Tunaziweka hadi Machi.